Tarumbeta za Masista: Maswali Yenu Kuhusu Ska ya Kikristo

Kaka, hiyo ska si rege iliyokimbizwa tu?

Umegeuza, ndugu yangu. Ska ndiyo mama. Ilizaliwa Jamaika mwishoni mwa miaka ya 1950, ikapunguzwa mwendo ikawa rokstedi, na kufikia 1968 rege ikatoka humo. Ukitaka kuitambua, hesabu "moja na mbili na tatu na nne na": gitaa linakata kwenye kila "na". Juu yake zinalia tarumbeta, tromboni na saksafoni.

Muziki wa dansi uliingiaje kanisani?

Kanisa lilitangulia kuingia kwenye ska! Kingston, mji mkuu wa Jamaika, kulikuwa na shule ya wavulana ya Alpha, chini ya masista wa Kikatoliki. Sista Mary Ignatius Davies alisimamia bendi ya shule, na alikuwa mpenzi mkubwa wa santuri. Waanzilishi wanne wa The Skatalites, bendi ya ska iliyoanza 1964, walipita Alpha: Don Drummond, Tommy McCook, Johnny Moore na Lester Sterling. Naye Toots Hibbert, mwimbaji wa kundi la Maytals la Jamaika, alianza kuimba kanisani. Kwa hiyo anayesema ska ni ya baa tu, mwulizeni tarumbeta zilifundishwa na nani.

Nianze na bendi gani?

Ska iliyojiita ya Kikristo ilivuma Marekani miaka ya 1990. The O.C. Supertones wa California, albamu ya kwanza 1996, wanahubiri waziwazi. The Insyderz wa Detroit walizifanya nyimbo za kuabudu kuwa ska. Mimi moyo wangu uko kwa Five Iron Frenzy wa Denver: wana utani, wana hasira, na waliimba dhuluma walizotendewa wenyeji wa asili wa Marekani, jambo ambalo wengi kanisani walilipita kimya. Walivunjika 2003. Waliporudi 2011 waliwaomba mashabiki dola 30,000 za kurekodi, wakapewa zaidi ya 200,000.

Na kama ska inanichosha?

Sikiliza The W's wa Oregon, walipiga swingi, yaani jazi ya kuchezea dansi. Mpenda rege amtafute Mark Mohr na bendi yake, Christafari.

Usharika wetu Moshi una matarumbeta. Tunaweza?

Vyombo mnavyo tayari, na hao wapulizaji wa harusini pumzi wanazo. Chagueni wimbo mmoja wa kitabuni ambao waumini wanaujua kwa moyo. Mpiga gitaa ndiye atakayesumbuka, mkono wake utataka kurudi kwenye "moja". Mfanyisheni mazoezi peke yake wiki mbili, na mpiga dramu asiongeze mwendo hata akishangiliwa.