Jibu: Oveni inaunguza keki juu, chini mbichi

Habari ndugu. Umesema oveni yako ya umeme inaunguza keki juu, chini inabaki uji, na taa inawaka kama kawaida. Yangu ilinifanyia hivyo hivyo, na fundi wa kwanza akang'ang'ania themostati, kile kidhibiti joto. Usikubali haraka. Juu kukiwa na moto, mimi nashuku koili ya chini, ule mkono wa chuma unaotoa moto.

Kwanza tazama swichi ya kuchagua moto: iko kwenye alama ya juu na chini, au ya juu peke yake? Usicheke, watoto huizungusha. Kisha zima umeme kwenye meni swichi, iache ipoe, ndipo ufungue bati la chini. Koili yangu ilikuwa na kidonda cheusi kilichovimba kama punje ya mtama. Usipokiona, chomoa waya mmoja upime kwa maltimita, ile mita ya mafundi wa umeme: koili ya wati 2000 kwenye volti 230 husoma ukinzani wa karibu omu 26. Isiposoma kitu, imekatika. Kagua na ncha za waya, zikilegea huungua.

Dukani nenda na ile ya zamani mkononi, zinafanana kwa macho tu. Oveni za gesi sijawahi kuzigusa.