Je, tumpeleke Bondo au tubaki naye Nairobi?

SWALI

Mama Mshauri, pokea salamu zangu. Mimi ni mama wa watoto watatu na tunaishi Donholm. Binti yetu wa kati ana umri wa miaka 8 na ana selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Mwaka huu amelazwa mara mbili, mara ya mwisho ikiwa mwezi wa Septemba, alipopatwa na maumivu makali ya miguu na mgongo akawekwa dripu kwa siku nne. Tangu hapo amekuwa mzima, anakwenda shule, na dawa yake ya haidroksiurea anaimeza kila jioni bila kusumbua.

Mama mkwe wangu, ambaye boma lake liko karibu na Bondo, huko eneo la Ziwa Victoria, amewaita wanawe na wajukuu wote kwake Krismasi hii. Kwa miaka mitatu mfululizo mume wangu amekuwa akienda na watoto wawili huku mimi nikibaki Nairobi na huyu mmoja, na mwaka jana alipowaona wenzake wakipanda gari aliniuliza kama nyanya yake anamkataa. Sikuwa na jibu. Mume wangu anasema ugonjwa ukitaka kuja utakuja hata hapa Donholm, tena amesikia kwamba wenye selimundu hawapatwi na malaria. Daktari wa kliniki alituambia anaweza kusafiri mradi awe mzima, lakini ni nani ajuaye kama atakuwa mzima siku ya tano? Nikiwaza safari nakosa usingizi, na nikiwaza kubaki pia nakosa usingizi. Nifanye nini?

Mama wa Watatu, Donholm

JIBU

Mwanangu, kwa jinsi ulivyonieleza hali ya binti yako, mimi ningempeleka. Nasema hivyo nikiwa nimefanya kazi ya uuguzi katika wodi za watoto kwa miaka mingi na nikikijua vizuri kile unachokiogopa, kwa hiyo usidhani kwamba nimeiona hofu yako kuwa ndogo. Ila ningempeleka kwa siku chache, tuseme nne au tano, kwa masharti ambayo wewe na mume wako mtakuwa mmeyakubali mkiwa bado Nairobi, na nikiwa radhi kuivunja safari hata asubuhi yenyewe ya kuondoka.

Nianze na hilo la malaria, kwa sababu likiachwa lilivyo linaweza kumwua mtoto. Mtu aliyerithi jeni ya selimundu kwa mzazi mmoja tu, ambaye kwa kawaida haugui, huwa na kinga fulani dhidi ya malaria kali, na ndiyo sababu jeni hiyo imeenea zaidi kandokando ya Ziwa Victoria na huko Pwani, ambako malaria imekuwa ikichukua watoto tangu enzi za mababu zetu. Binti yenu alirithi kwenu nyote wawili. Inaelekea, basi, kwamba kinga anayoizungumzia mume wako mnayo ninyi wazazi, na mtoto hana. Kwake yeye malaria ni miongoni mwa maradhi ya hatari kuliko yote, kwa sababu huvunja chembe nyekundu katika mwili ambao tayari chembe zake hazidumu, na damu inaweza kushuka ndani ya siku moja au mbili hadi ikalazimu aongezewe. Zaidi ya hayo, yeye ni mtoto wa Nairobi. Jiji letu liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na baridi yake haimfai mbu wa malaria, ilhali eneo la ziwa, lililo chini kwa zaidi ya mita 500, lina joto na maji ya kumtosha mwaka mzima. Binamu zake waliozaliwa Bondo miili yao imepambana na malaria tangu utotoni. Yeye na ndugu zake wawili hawajapata mazoea hayo, na kwa hiyo msisahau kwamba hata hao wawili wanaokwenda kila mwaka wanahitaji kulindwa.

Wagonjwa wa selimundu nchini mwetu huandikiwa dawa ya kukinga malaria ya kumeza kila siku, ambayo kwa kawaida ni proguanili. Ikiwa binti yako anaitumia, asiruke hata siku moja. Ikiwa haitumii au mmeizembea, rudini kliniki sasa, mapema kabla ya Krismasi, mwulize daktari kuhusu dawa ya safari hii kwa watoto wote watatu. Nakusihi usiwanunulie dozi ya kutibu malaria wameze kabla ya kuondoka, kama nilivyoona wazazi wengi wakifanya, kwani dozi hiyo ni ya mgonjwa aliyepimwa akaonekana anayo. Bebeni chandarua chenu kilichotiwa dawa hata kama mmeambiwa vipo vya kutosha, kwa sababu nyumba yenye wageni ishirini haina vyandarua ishirini, na jua likizama mtoto avae mikono mirefu.

Kuhusu kauli ya mume wako kwamba ugonjwa huja hata Donholm, hapo sina ubishi naye. Mwaka huu umemlaza mara mbili akiwa papa hapa. Tofauti ni kwamba mwezi wa Septemba maumivu yalipoanza uliijua njia ya hospitali, faili lake lilikuwepo, na hukuhitaji kumweleza mtu yeyote kwamba mtoto huyu hadeki. Kwa hiyo mnapokaa kuamua, achaneni na kubahatisha kama ataugua au hataugua, maana hilo hamlijui wala mimi silijui, mkaulizane jambo linaloweza kujibiwa: maumivu yakianza saa nane za usiku tukiwa kwa nyanya, itatuchukua muda gani kumfikisha mahali penye daktari, dripu, dawa kali ya maumivu na damu ya kuongeza? Mume wako apige simu mwenyewe, au amtume ndugu aliye huko, aulize hospitali iliyo karibu na boma kama tarehe 25 na 26 itakuwa na daktari na maabara, na kama huweka damu. Mkiambiwa kwamba damu hupatikana Kisumu, ambako iko hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, hesabuni kwamba kutoka Bondo ni zaidi ya saa moja kwa gari hata barabara ikiwa wazi. Kisha ulizeni ni gari la nani litakalolala bomani, na dereva wake ni nani, na kama yuko tayari kutoonja pombe usiku wa Krismasi kwa ajili ya mtoto huyu. Jambo hilo huwatia watu haya kulitaja, lakini nimepokea watoto waliochelewa kwa sababu hiyo tu.

Ikiwa hakuna gari la usiku, lipo jambo la kufanya kabla ya kukata tamaa: laleni Kisumu mjini, mwende kwa nyanya asubuhi na kurudi kabla ya magharibi. Wapo watakaonung'unika kwamba mke wa kijana wao amekataa kulala kwa mkwe, na mume wako ndiye apaswaye kuwajibu. Ikiwa hata hilo haliwezekani, na mkabaki mahali ambapo usiku mtoto hawezi kutoka, hapo ningekuambia mbaki Nairobi, na ningekuambia bila kusita.

Ombeni kliniki barua fupi yenye jina la ugonjwa, dawa anazotumia, kundi lake la damu na, muhimu kuliko yote, kiwango chake cha kawaida cha damu (hemoglobini) anapokuwa mzima. Watoto wengi wa selimundu huishi na kiwango cha kati ya gramu 6 na 9 kwa desilita. Mhudumu asiyemjua akiona 7 anaweza kushtuka akamwongezea damu asiyoihitaji, au akaona 6 akadhani ndivyo alivyo siku zote, kumbe yeye huwa na 9 na tatu zimepotea tangu juzi. Barua hiyo ipigeni picha, iwe katika simu zenu wote wawili. Hakikisheni pia kwamba michango yenu ya SHA, yaani bima ya afya ya serikali, imelipwa na kwamba jina lake limo miongoni mwa wategemezi, kwa maana dirishani pa hospitali usiku wa sikukuu si pahali pa kuanza kulitafuta.

Sasa njia yenyewe. Kutoka Nairobi hadi Kisumu ni kilomita zipatazo 350, na yeyote aliyesafiri Desemba anajua kwamba foleni za Naivasha na Nakuru huigeuza safari ya saa saba kuwa ya kutwa nzima. Katika saa hizo akina mama hufanya kosa ambalo nalielewa kabisa, nalo ni kumnyima mtoto maji ili asisumbue dereva. Figo za mtoto wa selimundu hazina uwezo wa kuyabana maji kama za wenzake, hivyo hukojoa mara nyingi na mkojo mwingi hata asipokunywa, na damu inapopungukiwa maji chembe zake hujikunja umbo la mundu, hunasa katika mishipa midogo, na hapo maumivu huanza. Mtoto aliyekaa kavu kutoka asubuhi hadi jioni hufika Bondo akiwa amekwisha kuugua, kisha watu husema ni hewa ya huko. Kwa sababu hiyo, kama uwezo upo, kodini gari au mwende na ndugu mwenye gari mnaloweza kulisimamisha mtakapo, na ikiwa ni lazima mpande basi la abiria, mwambieni dereva mapema, tena mume wako ndiye aseme. Anywe kidogo kidogo njia nzima. Safirini mchana. Dawa zake zikae katika mkoba wako mapajani, zisiingie kwenye buti, na ziwe za siku zaidi ya mlizopanga. Ndege ya Kisumu huchukua muda usiofika saa moja. Kama fedha zinatosha kwa watu wawili tu, ningezitumia kwako na kwake. Mkipita kwa barabara, usisahau koti na soksi zake, kwani Mau Summit na Kericho baridi huingia hata kupitia dirisha lililofungwa, na baridi nayo huamsha maumivu.

Mkifika, mtakuta mapenzi mengi na ushauri mwingi. Wako watakaomwona amekaa kivulini wakasema ni mtoto wa mjini aliyedekezwa, na wako watakaomshika mkono akacheze mpira juani au akaogelee ziwani na wenzake. Ziwani asiingie: maji hayo humpoza mwili ghafla, na fukwe za Ziwa Victoria zina kichocho ambacho hata hao ndugu zake hawakihitaji. Njia niliyoiona ikifaa kuliko kugombana na kila shemeji ni kumpigia nyanya simu sasa hivi, umweleze yote kwa utulivu, umwombe yeye awe mlinzi wa mjukuu wake. Wanawake wengi wa rika lake katika eneo hilo walizika watoto wa ugonjwa huu kabla haujajulikana kwa jina, na inawezekana ataelewa upesi kuliko unavyotarajia. Mwambie pia, waziwazi, kwamba huenda msifike.

Maana sharti la kuivunja safari ni lazima liwe na nguvu. Katikati ya Desemba apelekwe kliniki apimwe damu. Katika majuma mawili ya mwisho, akiwa na homa, kikohozi kinachozidi, maumivu yasiyotulizwa na parasetamoli, au macho ya manjano kuliko kawaida yake, safari yake imekwisha, hata kama nauli imelipwa. Nauli ihesabuni kuwa imekwenda tangu siku mliyoilipa, isije ikapiga kura. Asubuhi ya kuondoka mpime joto. Likifika nyuzi 38, gari lielekee hospitali. Mkiwa Bondo kanuni ni hiyo hiyo, na uamuzi wa kuondoka usiku uwe wako peke yako, bila kikao cha wazee na bila kungoja kupambazuke. Mwombe mume wako akuahidi hilo kabla hamjafunga mizigo. Akikataa kukuahidi, utakuwa umepata jibu la swali lako.

Na yule binti aliyekuuliza kama nyanya anamkataa anastahili kujibiwa leo, kabla ya jambo lingine lolote. Ana miaka 8. Anaweza kuambiwa kwamba nyanya anamtaka, kwamba mwili wake ndio unaowatia mashaka, na kwamba akiamka mzima siku hiyo atakwenda. Usimwahidi zaidi ya hapo. Asipoweza kwenda, safari hii baba ndiye abaki naye, wewe uende na hao wawili ukamsalimie mkweo, na mkirudi mmpange nyanya aje Nairobi shule zikifungwa mwezi wa Aprili.

Mkifanikiwa kwenda, andika kwenye kalenda ya jikoni tarehe mliyotoka Bondo, kisha uhesabu majuma manne. Malaria hukaa mwilini siku saba au zaidi, wakati mwingine hata mwezi, kabla homa haijatokea, na kila Januari nilikuwa nikipokea watoto waliotibiwa mafua kwa siku tatu kwa sababu hakuna aliyetaja walikokuwa. Mtoto wako yeyote akipata homa katika majuma hayo, mpeleke siku hiyo hiyo, na kabla hujaulizwa lolote mwambie mhudumu wa mlangoni kwamba mlikuwa Bondo na kwamba huyu ana selimundu.