Merikani ya Bibi na vita vya Wamarekani

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Marehemu bibi yangu, hapa Mpwapwa, kitambaa cheupe kigumu cha kushonea magodoro ya sufi alikiita "merikani". Juzi kijana wangu wa kidato cha tatu kaniambia Wamarekani walipigana wao kwa wao kwa ajili ya haki za majimbo, utumwa ulikuwa kisingizio tu. Mimi nilijua ni utumwa. Nani mkweli? Na jina la kile kitambaa lilifikaje huku kwetu?
Msomaji, Mpwapwa

JIBU: Marahaba. Mkweli ni wewe. Hoja ya kijana ni kongwe. Watetezi wa Kusini, yaani majimbo ya watumwa yaliyoasi, waliipa nguvu baada ya kushindwa vitani. Kabla ya hapo hawakuficha kitu. South Carolina, jimbo la Kusini, ilipojitoa kwenye Muungano wa Marekani, Desemba 1860, iliandika sababu zake, na kilio kikubwa ni kwamba majimbo ya Kaskazini yanakataa kuwarudisha watumwa waliotoroka. Sasa angalia: sheria ya kuwarudisha ilitungwa na serikali kuu mwaka 1850, na Kaskazini ndiko majimbo yalikotunga sheria zao ili kuikwepa. Yaani aliyekereka jimbo likijiamulia mambo yake ni huyo huyo Kusini! Mississippi nayo iliandika waziwazi kuwa msimamo wake umefungamana na utumwa.

Lincoln, aliyechaguliwa kuwa rais Novemba 1860, alitaka tu utumwa usienee magharibi. Hilo likatosha. Majimbo 11 yakajitoa, nchi ikiwa na watumwa karibu milioni 4. Kuanzia Aprili 1861 hadi 1865 walikufa askari zaidi ya 600,000, wengi wao kwa maradhi kuliko kwa risasi.

Ila Kaskazini nao usiwape mabawa ya malaika. Hapo mimi mwenyewe nimewahi kuumbuka. Nikifundisha Dodoma, niliandika ubaoni: "1863, Lincoln awaacha huru watumwa wote." Binti mmoja wa dawati la nyuma, miguu myeupe kwa vumbi, akanyosha mkono: "Na wale wa Kentucky, Mwalimu?" Alikuwa ameitazama ramani ya kitabu kuliko mimi. Nikakohoa, nikasema tutaendelea kesho. Kesho yake nikafuta neno "wote". Tangazo lile la Januari Mosi liliwahusu watumwa wa sehemu zilizoasi tu. Kentucky ilikuwa na watumwa na haikuasi, kwa hiyo wengi wa kule walingoja hadi Desemba 1865, katiba ilipobadilishwa.

Sasa kitambaa. Pamba ililimwa na watumwa wa Kusini, ikafumwa kwenye viwanda vya Massachusetts, ikapakiwa merikebuni Salem na kushushwa Unguja, ambako Wamarekani walikuwa na mkataba wa biashara na Seyyid Said tangu 1833. Kutoka pwani ilipanda vichwani na mabegani mwa wapagazi, ikapita hapo kwenu Mpwapwa, ikavuka nyika kavu ya Marenga Mkali na kuingia Ugogo. Huku watemi walidai hongo, msafara upite na unywe maji. (Hongo ya siku hizo ililipwa mchana kweupe, si chini ya meza.) Ililipwa kwa shanga na kwa nguo, na nguo ikihesabiwa kwa doti kama unavyonunua khanga leo. Basi pamba iliyochumwa na mtumwa kule ilinunua njia huku kwa misafara ambayo mingine ilirudi pwani na pembe za ndovu na watumwa pamoja. Kwetu Tanganyika utumwa ulikuja kufutwa kisheria mwaka 1922.

Vita vilipoanza, merikani iliadimika Unguja, na nguo za Uingereza na India zikashika nafasi yake. Jina halikuondoka. Godoro la bibi yako huenda halikuwa na uzi hata mmoja wa Marekani.