Jibu: Kibanda kubomolewa bila notisi, ni Katiba au ni fidia?

Pole sana kaka. Umeuliza kama halmashauri kubomoa kibanda chako cha samaki Mikindani bila kukusikiliza ni suala la Katiba au kosa la madai tu, yaani la kudai fidia mahakamani. Yote mawili, ila mlango wa kuingilia ni muhimu.

Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba ya Tanzania inakupa haki ya kusikilizwa, na ya 24 inalinda mali yako. Lakini Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi, kifungu cha 8(2), inaizuia Mahakama Kuu kutumia mamlaka yake ikiona kuna njia nyingine ya kutosha ya kupata nafuu. Madai ya fidia ndiyo njia hiyo, na hapo ndipo wengi hukwama.

Marekani wana mawazo yanayofanana na hayo. Mwaka 1981, katika kesi ya Parratt dhidi ya Taylor, mfungwa alipotelewa na vifaa vya dola 23.50 kwa uzembe wa askari magereza. Mahakama ya Juu ikasema: jimbo lina utaratibu wa kudai fidia, basi haki yako ya kusikilizwa haijavunjwa. Mwaka 1986 wakaenda mbali zaidi: uzembe mtupu hauvunji Katiba. Mimi naona wameibana mno haki hiyo.

Wewe hukukutwa na uzembe. Walikuja na greda makusudi. Anza na notisi ya siku 90 kwa halmashauri kwamba utaishtaki, nakala kwa Mwanasheria Mkuu, ndipo ufungue madai. Usichelewe, maana madai yana ukomo wa muda. Picha za kibanda unazo?