Mshono wa katikati si kiraka

Umenunua blanketi la sufu la Wales, ukakuta mshono katikati na kudhani umeuziwa lililochanika? Hapana, muuzaji hajakupunja. Blanketi la aina hiyo lenye mshono katikati halikuchanika, ni la zamani. Vitanda vya mfumi, yaani mitambo ya kufumia, vilikuwa vyembamba, kiasi cha mfumaji mmoja kufika kingo zote mbili akirusha uzi kwa mkono, kwa hiyo vilifumwa vipande viwili vikashonwa pamoja. Ninalo moja la mitumba: michoro haikutani sawasawa kwenye mshono, imepishana kama upana wa kidole. Mimi hapo ndipo liliponikamata.

Yale mablanketi mazito yenye miraba na maua, Wawelsh wenyewe huyaita carthen, ni matabaka mawili yaliyofumwa kwa mpigo mmoja. Kunja kona uone: palipo na nyekundu juu, chini pana buluu, na kinyume chake. Ukipita Dre-fach Felindre, kijiji cha huko Wales, makumbusho ya taifa ya sufu yamo ndani ya kiwanda cha zamani, utaviona vitanda vya mfumi vyenyewe.

Ila mshono peke yake hautakwambia mwaka. Na kabla ya kulipa, liinue kwenye mwanga utafute vitundu vya nondo.