Mwambie kijana kinachofuata baada ya majibu

Ukianza kazi ya kuwafikia wavulana na vijana wa kiume kuhusu VVU, mapema tu utaambiwa kwamba wao hawajali afya zao. Usiyabebe maneno hayo. Jiulize kwanza kijana huyu angekutana na mhudumu wa afya lini. Mjamzito hupimwa VVU anapoanza kliniki. Mvulana akishamaliza chanjo za utotoni, hana tena siku iliyopangwa ya kufika kituoni mpaka aumie au augue. Ndiyo maana katika nchi nyingi wanaume huchelewa kupima kuliko wanawake, na wengi huanza dawa mwili umeshadhoofika.

Kisha kuna hofu. Kijana anaamini majibu yakiwa chanya basi amepoteza kila alichokipanga: kuoa, kuzaa, kazi, heshima mbele ya wenzake. Ukimwambia "njoo upime" bila kuigusa hofu hiyo, kwake ni kama umemwita kusikiliza hukumu. Kwa hiyo mimi huanzia upande wa pili. Kabla ya kutaja kipimo, namweleza maisha yanavyokuwa baada ya majibu, yawe yoyote.

Jambo ambalo vijana wengi hawajawahi kuambiwa ni hili: mtu anayemeza ARV, yaani dawa za kufubaza VVU, kwa uaminifu mpaka virusi visionekane kwenye kipimo cha wingi wa virusi, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Kwa kawaida hufika hapo ndani ya miezi 6 hivi. Utafiti wa PARTNER, ambao matokeo yake yalitoka 2016 na kuongezewa 2019, ulifuatilia wapenzi ambao mmoja ana VVU na mwenzake hana, na ambao hawakuwa wakitumia kondomu kila mara. Haikupatikana hata ambukizo moja lililotoka kwa mwenzi ambaye virusi vyake vimefubazwa. Liseme taratibu, kisha nyamaza ili aulize. Mara nyingi ataulizia watoto, na jibu ni ndiyo, anaweza kupata watoto wasio na VVU. Ukifika hapo, habari ya kupima hailetwi na wewe tena, anaianzisha mwenyewe.

Yule anayeogopa kuonekana kituoni mpe kipimo cha kujipima mwenyewe, ambacho Shirika la Afya Duniani limekipendekeza tangu 2016. Ila mweleze mambo matatu kabla hajaondoka nacho. Kipimo hicho kikionyesha maambukizi, ni lazima yathibitishwe na mhudumu. Kama alijiweka hatarini hivi karibuni, majibu hasi hayatoshi, arudie baada ya miezi 3. Na kama tayari anatumia ARV, asikitumie, kwa sababu kinaweza kumdanganya.

Wengi watatoka hasi, na hapo ndipo wahudumu wengi huwaachia. Usimwache aondoke na pongezi tu. Zungumzeni kondomu, zungumzeni PrEP, yaani dawa anazotumia asiye na VVU ili asiambukizwe. Kuhusu tohara ya kitabibu, sema ukweli wote: inapunguza hatari ya mwanamume kuambukizwa na mwanamke kwa takriban asilimia 60, kwa hiyo kondomu bado inahitajika, na baada ya upasuaji asijamiiane kwa wiki 6. Siku anazorudi kukaguliwa kidonda ni nafasi adimu sana. Amekuja mwenyewe, tena mmeshazoeana. Itumie.

Maswali ya siri usimuulize mbele ya rafiki zake. Kwenye kundi, waandike maswali kwenye vikaratasi bila majina, nawe uyajibu yote, hata yale yanayokutia haya. Wakikuona umelijibu la aibu bila kukunja uso, mmoja wao atakufuata baadaye akiwa peke yake.

Wapo pia waliozaliwa na VVU na sasa wanabalehe, na hawa wananigusa kuliko wote. Wamekunywa dawa tangu wakiwa wadogo, mama au bibi akiwasimamia. Ghafla wanahamishiwa kliniki ya watu wazima, au wanaenda shule ya bweni na hawana pa kufichia chupa ya vidonge. Hapo ndipo wanaporuka dawa. Usimuulize "unameza dawa?" maana atajibu ndiyo. Muulize: "Watu wengi huruka siku mojamoja. Wewe wiki hii imekuwaje?" Akikuambia ukweli, usimgombeze. Tafuteni pamoja saa inayomfaa, mahali pa kuhifadhi, na mtu mmoja anayemwamini. Kumhamisha ghafla kwa mhudumu asiyemfahamu ni hatari, kwa hiyo mtambulishe mapema na umsindikize siku ya kwanza.

Na usisahau kwamba wavulana nao hubakwa na kulawitiwa. Wengi hawatalisema wasipoulizwa, kwa kuwa wamefundishwa kwamba mwanamume hatendewi hivyo. Uliza kwa upole, mkiwa wawili tu. Akisema limetokea ndani ya saa 72, achana na kila kitu kingine kwanza: PEP, yaani dawa za kuzuia maambukizi ya VVU baada ya tukio, ianze mara moja, kadiri inavyowahi ndivyo inavyomlinda zaidi, na dawa hizo anameza kwa siku 28. Mpeleke mwenyewe kwa anayezitoa. Usimwandikie karatasi ya rufaa ukamwacha aende peke yake.