Maswali ya Jikoni: Supu Nzito ya Kuku kwa Sufuria Moja

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mzaliwa wa Kisauni, Mombasa, lakini sasa naishi Donholm pamoja na mume wangu na watoto wetu wawili. Kazini hutoka saa kumi na moja, na kwa msongamano wa Barabara ya Jogoo hufika nyumbani giza likiingia, watoto wakiwa na njaa. Ningependa kuwapikia supu ya kuku yenye maziwa, ile nzito na laini, katika sufuria moja ili vyombo vya kuosha visiwe vingi. Tatizo ni kwamba kila nikiijaribu maziwa hukatika, vipande vyeupe vikaelea juu, na viazi huwa bado vigumu hata baada ya muda niliozoea kwetu. Krimu ya dukani naiona ghali na nisingependa kuitegemea. Nifanyeje?
Msomaji, Donholm

JIBU: Marahaba, binti yangu. Yote mawili unayoyalalamikia yana sababu zake, wala si mkono wako ulio mbaya. Nianze na maziwa, kwa kuwa ndiyo yanayowavunja moyo wapishi wengi.

Maziwa hukatika protini zake zinaposhikana na kuwa mabonge madogo madogo, na kinachoziharakisha ni moto mkali, uchachu na chumvi nyingi. Supu inayotokota kwa nguvu, ambayo tayari imetiwa nyanya, ndimu na chumvi, ina hayo yote kwa pamoja, kwa hiyo kikombe cha maziwa baridi kikimiminwa humo hakina namna ya kuokoka. Krimu huvumilia kwa sababu mafuta yake ni mengi na protini zake ni chache. Maziwa yetu ya kawaida, yenye mafuta ya asilimia 3 na ushei, hayana kinga hiyo. Sisi wenyewe tunaweza kuyapa kinga kwa wanga, maana wanga wa viazi na wa unga wa ngano ukishaenea ndani ya supu huzizuia protini hizo zisishikane upesi. Ndiyo sababu nakushauri kwamba uzito wa supu uutafute kwenye viazi, ladha uitafute kwa kuku, na maziwa yaingie mwisho kabisa, moto ukiwa chini, kwa ajili ya ulaini tu. Ukiipika hivyo, krimu hutaihitaji.

Kuhusu kuku, nunua mapaja na miguu ya kuku wa gredi, ukiacha kidari. Kidari kikipita kidogo tu kiwango chake cha kuiva hukauka na kubaki nyuzinyuzi, ilhali paja lina kano na utando ambao ukichemshwa taratibu hulainika na kutoa jelatini, na jelatini hiyo ndiyo inayoipa supu ule mnato unaoshika midomo. Kwa watu wanne gramu 800 zenye mfupa na ngozi zinatosha. Soko la Burma liko njiani mwako. Nunua nyama ya wiki mwishoni mwa juma, igawe katika mifuko ya mlo mmoja mmoja, uigandishe, na kila usiku uutoe mfuko wa kesho na kuuweka sehemu ya chini ya friji ili uyeyuke polepole.

Hapo hapo niseme jambo ambalo najua halitawapendeza wote. Wengi wetu tulifunzwa kumwosha kuku kwa maji na ndimu kabla ya kumpika, lakini maji yanayoruka kutoka kwenye nyama mbichi hutawanya vijidudu kama vile salmonela hadi kwenye sinki, kwenye vikombe vilivyo kando na kwenye mboga utakazokula mbichi. Kinachoviua ni moto. Mfute kuku kwa karatasi ya jikoni, uitupe karatasi hiyo, kisha unawe mikono kwa sabuni. Zaidi ya usalama, utapata faida ya pili, kwa kuwa nyama kavu hukaangika ikapata rangi, na nyama iliyolowa hutoa mvuke tu.

Tumia sufuria yenye kitako kizito. Tia kijiko kikubwa kimoja cha mafuta, moto uwe wa wastani, uyapange mapaja ngozi ikiwa chini, kisha uyaache yalivyo. Hapa ndipo wapishi wenye haraka wanapoharibu, kwa sababu hugeuzageuza nyama kabla haijawa tayari na ngozi ikabaki imenasa kwenye chuma. Ukisubiri dakika 6 au 7, ngozi itajiachia yenyewe ikiwa ya rangi ya hudhurungi, na mafuta yake yatakuwa yametoka. Geuza upande wa pili kwa dakika 3, toa vipande uviweke kwenye bakuli, na sufuria usiioshe hata kidogo. Ile rangi iliyogandia chini ndiyo ladha ya supu yako yote. Supu ya kuku aliyechemshwa tu, bila kukaangwa kwanza, haiwezi kuifikia hata ukiongeza viungo vya pakiti vya aina gani.

Katika mafuta hayo hayo kaanga vitunguu maji 2 vilivyokatwa vidogo. Maji ya vitunguu yataanza kulegeza ile rangi ya chini, nawe uikwangue kwa mwiko mpaka vitunguu vyenyewe vigeuke rangi ya asali. Tia punje 4 za kitunguu saumu na kipande cha tangawizi kilichosagwa, koroga kwa dakika moja, kisha ongeza kijiko kikubwa cha siagi na vijiko vikubwa 2 vya unga wa ngano. Koroga unga huo kwa dakika 2 hivi, hadi harufu ya ubichi iishe. Maji, lita moja na robo, yamimine kidogo kidogo mwanzoni huku unakoroga ili unga usifanye madonge. Yakiwa yamechemshwa kwenye birika wakati vitunguu vinakaangika, utaokoa muda mwingi.

Sasa viazi, ambavyo ndivyo siri ya uzito. Nusu kilo inatosha, na viazi vya Shangi, vinavyojaa katika masoko ya Nairobi, vinafaa sana kwa kazi hii kwa sababu huiva haraka na hupondeka kwa urahisi. Nusu yake ikate vipande vidogo vya ukubwa wa ncha ya kidole, na nusu nyingine vipande vikubwa vya kutafunwa. Vile vidogo vitavurugika na kuyeyukia ndani ya supu; vile vikubwa vitabaki vizima kwenye bakuli la mlaji. Ongeza karoti 2, pilipili manga, na ukipenda konzi ya mahindi mabichi yaliyopukuchuliwa, ambayo watoto huyapenda kwa utamu wake. Rudisha kuku pamoja na maji yote yaliyochuruzika ndani ya bakuli, acha supu ichemke, kisha punguza moto na ufunike, itokote taratibu kwa dakika 30 hadi 35.

Muda huo ndio jibu la swali lako la pili. Mombasa iko kandokando ya bahari na maji ya huko huchemka kwenye nyuzijoto 100; Nairobi iko juu ya usawa wa bahari kwa takribani mita 1,700, kanieneo ya hewa, yaani mgandamizo wake, ni ndogo, na maji huchemka yakifika nyuzijoto 94 hivi. Supu yako inayotokota Donholm kwa hakika ina joto dogo kuliko ile ya mama yako inayotokota Kisauni, na kuongeza moto hakutaibadilisha hali hiyo, kwa sababu moto wa ziada hugeuza maji kuwa mvuke bila kuyaongezea joto. Viazi na kano za kuku vinahitaji dakika zaidi, basi. Usalama wa nyama usikutie shaka, maana kuku huhesabiwa kuwa ameiva ndani yake kukifika nyuzijoto 74, na joto hilo utalifikia vizuri. Kama huna kipimajoto, toboa paja karibu na mfupa: majimaji yatoke bila wekundu, na nyama ijitenge na mfupa bila kuvutwa.

Kuku akiiva, mtoe, achana na ngozi na mifupa, uchambue nyama vipande vya kulika kwa kijiko na kuirudisha. Viponde baadhi ya viazi kwa mgongo wa mwiko kwenye ukuta wa sufuria, nawe utaiona supu ikibadilika mbele ya macho yako kutoka maji yenye rangi hadi kitu kinachofunika mwiko. Punguza moto hadi chini kabisa. Kikombe kimoja cha maziwa, yaani mililita 250, kiwe kimetolewa kwenye friji ulipoanza kumkaanga kuku. Kitie kwenye bakuli, chota upawa wa supu ya moto uumimine ndani ya maziwa kidogo kidogo huku unakoroga, kisha upawa wa pili, hadi bakuli lenyewe liwe na joto mkononi. Sasa ndipo uyamimine maziwa hayo kwenye sufuria. Vipovu vidogo vikianza kutokea ukingoni, zima, isichemke tena.

Chumvi ya kutosha itiwe hapo, si kabla. Nyanya iache kabisa katika supu hii, na ndimu ikatwe vipande vya kuwekwa mezani, kila mtu akamue ndani ya bakuli lake wakati wa kula. Nyunyizia dania. Kwa jumla utatumia muda wa saa moja hivi, lakini baada ya dakika 25 za mwanzo sufuria inajipikia yenyewe na wewe unaweza kuwasimamia watoto kazi ya shule. Chapati za jana zilizopashwa moto zinatosha kuisindikiza.

SWALI: Salamu, mama. Mimi ni kijana ninayeishi peke yangu Zimmerman. Nina meko moja ya gesi na sina friji. Je, naweza kupika supu ya aina hii, na ikibaki naweza kuiacha ndani ya sufuria hadi asubuhi?
Msomaji, Zimmerman

JIBU: Kuipika unaweza, mwanangu, na meko moja haipungukiwi na chochote katika pishi hili. Nunua vipande 2 vya kuku siku ile ile unayopika, na vipimo vingine vyote uvigawe kwa nusu isipokuwa maji, ambayo yawe mililita 700, kwa kuwa katika sufuria ndogo mvuke hupunguza sehemu kubwa zaidi ya supu. Badala ya maziwa ya friji tumia maziwa ya pakiti ya kukaa muda mrefu, ununue pakiti ndogo utakayoimaliza, au maziwa ya unga: vijiko vikubwa 2 vilivyojaa, vikorogwe katika nusu kikombe cha maji ya uvuguvugu hadi madonge yaishe, kisha viingizwe kama nilivyoeleza hapo juu. Maziwa lala usiyatumie, kwa sababu uchachu wake utaikata supu.

Kuhusu kuiacha hadi asubuhi, jibu langu ni hapana. Supu ya kuku na maziwa isikae nje kwa zaidi ya saa 2. Watu husema kwamba itachemshwa tena asubuhi na kila kitu kitakufa, lakini baadhi ya bakteria huacha sumu ndani ya chakula, na sumu hizo kuchemsha hakuziondoi. Pika kiasi cha kula usiku huo, au mkaribishe jirani.

SWALI: Dada mwandishi, mume wangu huletewa kuku wa kienyeji kutoka Machakos, nami ningependa kumtumia kwa supu nzito ya siku za kazi. Aidha, mama mkwe anayekaa nasi akinywa maziwa tumbo humsumbua. Kuna njia ya kuwaridhisha wote?
Msomaji, South C

JIBU: Ipo, dada. Kuku wa kienyeji ana ladha inayomshinda wa gredi kwa mbali, ila nyama yake ni ngumu na katika mwinuko huu wa Nairobi anaweza kudai saa 2 motoni, muda ambao Jumanne jioni haupatikani. Mchemshe Jumapili kwa vitunguu, tangawizi na chumvi kidogo hadi alainike, chambua nyama, uipoze haraka pamoja na maji yake kwa kuigawa katika vyombo vifupi, na uihifadhi kwenye friji. Itakaa vizuri siku 3. Zaidi ya hapo igandishe. Jioni ya kazi utaanza na vitunguu, siagi na unga, utie maji hayo ya kuku mahali pa maji matupu, uivishe viazi, kisha nyama iingie dakika 10 za mwisho.

Kwa ajili ya mama mkwe, acha maziwa utumie tui la nazi, na siagi uibadilishe kwa mafuta. Kuna nazi 1? Ikune, uikamue kwa maji kidogo upate tui la kwanza, lile zito la kasimele, uliweke kando, kisha ukamue tena upate tui jepesi. Viazi vichemke ndani ya tui jepesi lililochanganywa na maji ya kuku, na kasimele litiwe mwisho, moto ukiwa chini, huku unakoroga kuelekea upande mmoja bila kufunika sufuria, kwani tui zito nalo likichemka kwa nguvu hukatika na mafuta yakajitenga juu. Hapa pilipili mbichi nzima, isiyopasuka, ikielea ndani ya supu huleta harufu nzuri bila ukali wa kuwazuia watoto. Ikibaki, pasha moto polepole kesho yake na uongeze maji kidogo, kwa kuwa viazi huendelea kuifanya supu kuwa nzito hata ikiwa ndani ya friji.